Mti Hausogezwi

Kitabu cha kanuni za gofu ya visahani kina sharti moja ambalo msomaji mwenye haraka huweza kulipita bila kusimama. Mchezaji akifika mahali kisahani chake kilipoangukia, achague namna ya kusimama itakayovisogeza vizuizi vya kiwanja kwa kiasi kidogo kabisa. Tawi likimgusa kifuani, na limguse. Haruhusiwi kulikunja ili apate nafasi ya kuzungusha mkono, wala kulivunja, wala kumwomba mwenzake amshikie. Majani makavu na vijiti vilivyolala anapotaka kukanyaga anaweza kuviondoa. Kilichoota mahali pake kinabaki mahali pake, na yeye ndiye atakayepinda mgongo, atakayepiga goti, atakayenyoosha mguu pembeni ya shina mpaka mkono wake upate upenyo.

Kwangu mimi sharti hilo ndilo moyo wa mchezo. Michezo mingi tuliyoizoea huanza kwa kuisawazisha ardhi. Kabla ya mpira wa miguu kupigwa, kichuguu kinavunjwa, kisiki kinang'olewa, na pande mbili za uwanja zinafanywa zilingane ili asiwepo wa kulalamika. Gofu ya visahani inayochezwa msituni, tena msitu wenyewe ukiwa mlimani, huanza upande wa pili. Ardhi ilikuwepo, miti ilikuwepo, na kilicholetwa ni makapu 18 ya chuma. Mengine yote ni kazi ya mwili wa mtu kujifunza pale alipo.

Kwa asiyeufahamu mchezo, maelezo hayachukui muda. Unarusha kisahani cha plastiki chenye upana wa sentimita 21 hivi na uzito usiozidi sana gramu 170, ndugu wa karibu wa ile frisbi ya watoto ufukweni. Unalenga kapu lililosimama juu ya nguzo, lenye minyororo inayoning'inia ili ikikamate kisahani na kukiangusha ndani. Kila kituo huitwa shimo, ingawa hakuna kilichochimbwa. Kisahani kinapotua ndipo unapotupia tena, na anayemaliza mashimo yote kwa mitupo michache ndiye mshindi. Hakuna farasi, hakuna mashine, na ukiwa na visahani vitatu umekamilika.

Kabla ya kuwapo makapu, watu walilenga chochote: nguzo za taa, mapipa ya taka, na hasa miti. Mti ulikuwa ndio shabaha. Aliyebadilisha mambo ni Ed Headrick, Mmarekani wa California aliyefanya kazi katika kampuni ya Wham-O na kupewa hataza mwaka 1967 kwa kuliboresha umbo la frisbi hadi likatulia hewani. Mwaka 1975 kiwanja cha kwanza cha kudumu kiliwekwa katika bustani ya Oak Grove, huko La Cañada, kikiwa na nguzo za kulenga. Mwaka uliofuata akaanzisha chama cha wachezaji wa kulipwa, na mwaka 1977 akapata hataza ya kapu la minyororo. Alipofariki mwaka 2002, majivu yake yalichanganywa na plastiki ikafinyangwa visahani, kama alivyotaka mwenyewe. Mimi huona jambo kubwa zaidi alilolifanya ni lile la kapu, kwa sababu kapu liliupa mti kazi mpya. Tangu hapo hukuupiga mti ili ushinde. Ulitakiwa uupite.

Kiwanja ninachokifikiria ninapoandika haya kiko Vermont, kaskazini mashariki ya Marekani, upande wa Jeffersonville, chini ya korongo liitwalo Smugglers' Notch. Korongo lilipata jina lake kwa wafanya magendo. Sheria ya mwaka 1807 ilipopiga marufuku biashara na nchi za nje, watu wa huku walipitisha bidhaa zao kati ya majabali haya kwenda na kutoka Kanada, na zaidi ya karne moja baadaye, pombe ilipopigwa marufuku, njia ile ile ikatumika tena. Leo ni eneo la watu wa kuteleza kwenye theluji wakati wa baridi, na theluji ikiyeyuka wanaingia wenye visahani. Kuna viwanja viwili: Fox Run Meadows, chenye nafasi wazi zaidi, na Brewster Ridge, kilichozama msituni. Mashindano ya dunia ya wachezaji wa kulipwa yalifanyika hapa mwaka 2018, Gregg Barsby akatwaa ubingwa, na tena mwaka 2023, waliposhinda Isaac Robinson wa Georgia na Kristin Tattar wa Estonia. Burlington na Winooski haziko mbali, na huko Kiswahili husikika madukani na kwenye vituo vya basi, kwa sababu familia nyingi za wakimbizi kutoka Kongo na Burundi zimehamishiwa katika miji hiyo.

Ukiingia Brewster Ridge unaweza kudhani umeingia katika msitu wa tangu enzi na enzi. Sivyo. Vermont iliwahi kuwa karibu uchi. Mwaka 1811 mtu aitwaye William Jarvis, aliyekuwa balozi mdogo wa Marekani huko Lisbon, alileta kondoo wa merino kwenye shamba lake la Weathersfield, na baada ya miaka 30 hivi jimbo lilikuwa na kondoo zaidi ya milioni moja na nusu, wakati watu hawakufika laki tatu. Milima ilikatwa miti ili iwe malisho. Mito ikabeba udongo. George Perkins Marsh, aliyezaliwa Woodstock katika jimbo hili hili, aliyaona hayo tangu utotoni, na mwaka 1864 akachapisha Man and Nature, kitabu kilichowaonya watu kwamba mkono wa binadamu unaweza kuiharibu nchi isirudi ilivyokuwa. Bei ya sufu iliposhuka na wakulima wakahamia nchi tambarare za magharibi, malisho yaliachwa. Miti ikarudi yenyewe: mepo ya sukari, misonobari, na ile yenye gome jeupe linalojibandua. Sasa kama robo tatu ya jimbo ni msitu. Ndiyo maana katika misitu ya Vermont unakutana na kuta za mawe zinazopita katikati ya miti bila kuzuia kitu. Zilikuwa mipaka ya mashamba.

Sisemi haya ili kupamba kiwanja. Nayasema kwa sababu yanabadilisha namna ninavyosimama mbele ya mti. Mti ule umerudi mahali ambapo babu zake walikatwa, na mimi nimekuja na kisahani mkononi nikiambiwa nisiupinde hata tawi. Naona ni adabu inayostahili.

Upenyo ndio neno la kwanza la mchezo wa msituni. Unasimama mahali pa kuanzia, na mbele yako yako mashina. Kati ya mashina mna nafasi. Kama nafasi hiyo ina upana wa mita 3 na iko mita 30 kutoka ulipo, umepewa nyuzi kama 6 tu za kukosea, kushoto na kulia kwa pamoja. Vidole vikichelewa kuachia kwa punje ya wakati, umegonga. Na kisahani hakiendi moja kwa moja. Kinasimama hewani kwa sababu kinazunguka, kama pia inavyosimama kwenye ncha yake, na kasi inapopungua kinalala upande mmoja. Mtu wa mkono wa kulia akikitupa kwa kufyatua mgongo wa mkono, mwishoni kitaishia kushoto. Akikitupa kwa upande wa kiganja, kitaishia kulia. Kwa hiyo mchezaji halengi upenyo wa kwanza peke yake. Anauliza kisahani kitakuwa kimeinama kiasi gani kikifika kwenye upenyo wa pili, ambao kutoka alipo huenda hauonekani vizuri.

Hapa nguvu hupoteza heshima yake. Mwaka 2016, huko Primm katika jangwa la Nevada, David Wiggins Jr. alirusha kisahani mita 338, akitumia upepo wa mahali pasipo na kitu cha kukigusa. Ni mtupo wa ajabu, na katika msitu hauna pa kwenda. Tangu mwaka 1983, Dave Dunipace alipounda kisahani chenye ukingo uliochongwa mwembamba, visahani vimekuwa vikienda mbali zaidi na viwanja vya mashindano vikirefuka kuvifuata. Msituni mambo yamebaki karibu na mwanzo. Wachezaji wakubwa huonekana wakichukua kisahani kizito cha mwendo wa polepole, kile cha kutupia karibu na kapu, wakakituma mita 70 tu kwa sababu kinafuata mstari walioutaka. Kwa mtu ambaye mwili wake umelelewa kushindana kwa kasi na misuli, kuchagua hivyo mbele za watu kunataka moyo.

Mimi hucheza na kijana mmoja aliyezaliwa katika kambi ya Nyarugusu, Kigoma, wazazi wake wakiwa wametoka Uvira, naye akakulia Winooski. Ana mkono mwepesi na hasira fupi. Siku moja tulitupa mmoja baada ya mwingine, kwa mstari ambao macho yangu hayakuweza kuutofautisha. Changu kilipita. Chake kiligonga shina jembamba kikaangukia bondeni.

“Mjomba,” alisema, “mimi na wewe tumetupa sawa. Ule mti ungesimama sentimita tano kando, tungekuwa pamoja kule mbele. Sasa haki iko wapi?”

Nilimwambia kwamba kwa mtupo mmoja yuko sahihi.

“Na mchezo si umetengenezwa kwa mitupo mmoja mmoja?”

Swali lake limenikaa kwa muda mrefu, na si lake peke yake. Wachezaji wa kulipwa hubishana juu ya jambo hilo kila mashindano yanapohamia msituni: tawi jembamba lisiloonekana ni kipimo cha ufundi au ni bahati nasibu? Jibu langu linaanzia kwa aliyekipanga kiwanja. Ni kweli kwamba hata kiwanja cha msituni hakikuachwa kama kilivyokutwa. Mpangaji alipita na mashine ya kukatia, akaamua shina hili litoke na lile libaki. Kila shina lililobaki ni ahadi yake kwamba ipo njia. Akiacha mashina yaliyosongamana kiasi kwamba hata mtupo bora kabisa unapita kwa kubahatisha, ameivunja ahadi, na kijana wangu ana haki ya kukasirika. Lakini pale ambapo njia ipo, na mtu aliyesimama kwa utulivu anaweza kuiona, zile sentimita tano ndizo mchezo wenyewe. Katika mitupo 60 au 70 ya mzunguko mmoja, miti haimpendelei mtu. Inamlipa kila mmoja kwa kiasi ambacho mstari wake ulikuwa karibu na ukweli.

Nina neno pia kuhusu kamba. Katika viwanja vya wazi, ambako hakuna mti wa kumzuia mtupaji mwenye nguvu, waandaaji hutandika kamba ardhini na kutangaza kwamba ng'ambo yake ni nje ya mpaka. Ukivuka unaongezewa mtupo mmoja. Kiwanja cha Chuo Kikuu cha Winthrop, Rock Hill, South Carolina, kunakofanyika mashindano ya ubingwa wa Marekani tangu mwaka 1999, kinajulikana kwa kamba zake za njano. Ni kiwanja kigumu na kina historia ya kuheshimiwa. Hata hivyo kamba ni uamuzi wa mtu uliowekwa juu ya nyasi. Nyasi za upande huu ni sawa na za upande ule, na kosa lako lipo kwa sababu lilitangazwa. Mti hauhitaji tangazo. Umesimama, umekizuia kisahani, na mahali kilipoanguka ndipo utakapotupia. Iwapo mashindano makubwa yataendelea kukimbilia viwanja vya wazi kwa ajili ya watazamaji na kamera, jambo ninaloliona likitokea, mchezo utapoteza ule ugumu ambao haukutungwa na kamati.

Lakini mti ni nusu ya mambo. Nusu nyingine ni mlima, nao una tabia yake. Mti hujibu papo hapo: sauti ya plastiki kwenye gome, na umeshajua. Mteremko hujibu kwa kuchelewa. Kisahani kimepita upenyo wote, kimetua pale ulipotaka, umeshageuka kuuchukua mfuko wako, ndipo kinasimama kwa ukingo wake na kuanza kuviringika. Mteremko hauna haraka. Kinapita kapu, kinapita njia, kinaingia kwenye vichaka, kinapotea. Unazo dakika tatu za kukitafuta, kwa mujibu wa kanuni. Majira ya majani kuanguka, Vermont nzima ikiwa imetapakaa rangi ya chungwa na nyekundu, dakika tatu ni chache mno.

Wapangaji wa viwanja vya mlimani hulijua hilo na hulitumia. Kapu huwekwa ukingoni mwa mteremko, ili mchezaji aliyebakiza mita 8 awe na uamuzi wa kufanya. Akitupa kwa ujasiri na kukosa, kisahani kinaweza kwenda chini mita 20, naye ataanza kupanda upya. Akikilaza polepole chini ya kapu, amekubali mtupo mmoja zaidi na amelala salama. Kwenye uwanja tambarare uamuzi huo karibu haupo. Ukikosa, kisahani kimelala pale pale. Mlimani mtu anaulizwa kama anajifahamu. Nimewaona watu wenye mkono bora kuliko wangu wakitupa kwa ujasiri mara ya kwanza, wakakosa, wakapanda wakiwa na hasira, wakatupa tena vile vile kutoka mbali zaidi. Hasira na mteremko zinapatana vizuri.

Kutupa kuelekea juu ni kazi nyingine. Macho yanapanda, bega linayafuata, pua ya kisahani inainuka, na kisahani kikiwa kimeinua pua hushika hewa, husimama, kisha huanguka kando. Unalazimika kukituma chini kidogo kuliko macho yanavyotaka, karibu kukilenga ardhi, na kuamini. Kutupa kuelekea bondeni kunapendeza zaidi, na kunadanganya zaidi. Kisahani kinakaa hewani muda mrefu, na kila kosa dogo la mkono linapewa muda huo wote wa kukua. Kuinama kidogo kwa nyuzi chache, ambako kwenye tambarare kungekupeleka hatua mbili kando, bondeni kunakupeleka kwenye shimo la jirani.

Na mwili nao una la kusema. Kufikia shimo la 12 au la 13 misuli ya miguu imeanza kutetemeka, na mtupo hutoka miguuni kabla ya kutoka mkononi. Kanuni inampa mchezaji sekunde 30 za kutupa, na anayefika juu ya kilima akihema huzitumia zote. Hapo ndipo ninapoelewa kwa nini viwanja hivi huwaletea ushindi watu wasio maarufu kwa umbali. Wanaojua kupumzika ndani ya sekunde 30 wanabaki na mkono ule ule hadi mwisho.

Sasa nirudi kwenye mti, kwa maana kuna jambo ambalo wapenzi wa mchezo huu tunalisema kwa sauti ndogo kuliko inavyopaswa. Kanuni inamkataza mchezaji kulikunja tawi, lakini haikikatazi kisahani kulipiga shina. Mashina yaliyo karibu na mahali pa kuanzia hupigwa msimu baada ya msimu. Gome linachubuka, kisha linapasuka, na mti wenye gome lililopasuka hufungua mlango kwa wadudu na ukungu. Chini yake, nyayo zinaukandamiza udongo hadi maji ya mvua yanashindwa kuzama. Kwenye mteremko maji yasiyozama hutiririka, na yanayotiririka huchukua udongo. Mizizi inabaki nje. Anayekumbuka ilivyokuwa milima hii wakati wa kondoo hawezi kulitazama jambo hilo kwa wepesi.

Dawa zake zinajulikana, na hazihitaji fedha nyingi kama zinavyohitaji watu. Mashina yaliyo hatarini huzungushiwa magogo membamba ili yapokee mapigo. Njia zenye mwinuko mkali hukatwa ngazi. Kapu huhamishwa, mara huku, mara kule, ili ardhi ya zamani ipate kuota. Na mchezaji aliyekuwa amekariri upenyo mmoja hulazimika kuutafuta mwingine. Mwanzoni mwa majira ya kuchipua, Vermont inapoingia kwenye msimu wa matope na wapanda milima wanaombwa wakae mbali na njia za juu, wenye visahani wangepaswa kuombwa hivyo hivyo, na wangepaswa kukubali. Wiki chache za kutocheza ni sehemu ya kanuni ile ile ya kusimama bila kusogeza kitu.

Kazi inayochukua watu wengi zaidi ni kutandaza vipande vya mbao vilivyosagwa juu ya mizizi iliyofunuliwa. Lori huvimwaga mahali linapoweza kufika, yaani chini. Makapu yaliyoharibikiwa ardhi yako juu, kwenye njia ambazo toroli haipandi, kwa hiyo vipande vinajazwa kwenye ndoo na kupandishwa kwa mkono, kati ya miti ile ile, na mwenye ndoo anazunguka kila tawi.